Mfuko wa Kulia

Mteja alikuja Alhamisi na mita nne za kaki na diski moja ya filamu ndani ya bahasha. Alikuwa Mzungu mcheshi, shingo nyekundu kwa jua, na alitaka koti la kijeshi la zamani, mifuko minne na mabega mapana. Kazini kwao kulikuwa na sherehe ambayo kila mtu angevaa kama mtu fulani, na yeye alikuwa ameamua kuwa dikteta wa Kiafrika. Aligonga bahasha kwa kidole akasema kila kitu kimo humo: filamu ya vita, picha za kweli zilizopigwa wakati wenyewe, hakuna mwigizaji hata mmoja. Jumapili angepita kujaribu koti na kuchukua diski yake.

Sikuona ajabu. Duka letu la ushonaji lilikuwa Satwa, Dubai, mtaa wa nyuma, baina ya gereji na muuza mapazia, na nusu ya kazi zetu zilikuja kwa njia hiyo. Mama wa Kihindi analeta filamu ya harusi, anakuonyesha gauni, anauliza litakuwa tayari lini. Wewe unasimamisha picha, unasogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo, unahesabu vipande, unatafuta mshono umepita wapi, unachora. Baada ya miaka minane ya kazi hiyo sikuweza tena kutazama filamu kama watu wengine. Wenzangu wakilia kwa sababu shujaa amekufa, mimi nilikuwa nalaani aliyemkatia kola.

Mafundi tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Mganda, bingwa wa darizi, mdogo kwangu kwa miaka michache. Tuliishi chumba kimoja juu ya duka pamoja na wengine wanne, na tulipika kwa zamu. Mimi ni mtu wa Kagera, kwa hiyo sote wawili tumekulia kwenye ndizi za kupika, na watu wa pwani walitucheka kwa jinsi tulivyozunguka soko zima kuzitafuta. Kwa miaka mitatu hatukuwahi kugombana isipokuwa kwa ajili ya chumvi. Mwenye duka alikuwa mzee aliyezaliwa Unguja na kuletwa Dubai akiwa kijana, tukimwita Ammi. Alikuwa na amri moja tu isiyojadiliwa: filamu yenye bunduki isichezwe yeye akiwepo. Hakusema kwa nini, na sisi hatukuuliza.

Kabla sijaendelea lazima nimweleze baba yangu. Naye alikuwa fundi cherehani, alishonea kwenye baraza la duka katika mji mdogo karibu na mto Kagera. Nilikuwa na miaka saba majeshi ya nchi jirani yalipovuka mpaka. Asubuhi hiyo baba alikuwa ameondoka na bunda la sare za shule kulipeleka kijiji cha mbele, na hakurudi. Mama alitukusanya tukakimbia. Watu wengine walibeba vyungu na magodoro. Yeye alibeba kichwa cha cherehani ya baba, amekizungushia utepe wa kupimia na kuufunga fundo. Nyumba ilichomwa, haikubaki picha hata moja. Sura ya baba siikumbuki. Nimejaribu maisha yangu yote kuikumbuka na ninaona mikono tu, na mguu unaokanyaga.

Vita vikaisha, tukarudi, wengine wakazika watu wao na wengine wakazika mifupa tu. Mama alikataa. "Hajafa mpaka nionyeshwe," alisema, na hakubadilisha neno hilo kwa zaidi ya miaka ishirini na tano. Hakukaa eda. Hakuolewa tena, ingawa walimtaka watu wenye heshima zao. Ami zangu walipokuja kutaka kiwanja kigawanywe kama mirathi, aliwafukuza kwa jembe, na mmoja wao ana kovu la kuthibitisha. Cherehani ile aliipaka mafuta kila mwezi, lakini lile fundo la utepe hakulifungua, na mtu asithubutu kulifungua. Hasira zangu nimezirithi kwake.

Kitu kingine cha kujua ni mfuko. Baba alitumia mkono wa kushoto. Mashati ya wateja aliyatia mfuko wa kifuani upande wa kushoto kama mafundi wote, lakini mashati yake mwenyewe aliyatia mfuko kulia, ili mkono wa kushoto uufikie kirahisi. Na ndani ya mfuko alishona mstari mmoja wa wima, karibu na ukingo, ukatengeneza kijifuko chembamba cha chaki. Mimi najua kwa sababu chaki ile niliiiba mara nyingi.

Ijumaa baada ya swala Ammi alikwenda kwake Al Warqa kula na wajukuu. Duka lilikuwa limefungwa mpaka saa kumi. Tulikaa chini na sinia letu, mimi na Mganda, kaki ya yule Mzungu ikiwa tayari imetandazwa juu ya meza, na tukaweka diski.

Niliposikia jina la mto wetu likitajwa na msimulizi, nilifurahi. Naona aibu kusema hivyo, lakini nilifurahi: nyumbani kwetu kwenye televisheni! Nilimpiga mwenzangu begani, nikamwambia atazame, hapo ndipo nilipozaliwa.

Kwanza zilikuja picha za wakubwa na makoti yao, tukafanya kazi yetu. Tukasimamisha, tukapima mabega kwa macho, tukabishana kama mfuko wa chini una marinda. Halafu makoti yakaisha, vikaja vita. Malori yalipita katikati ya migomba na kuilaza. Nyumba ya nyasi ilishika moto na mtu akatoka ndani mgongo ukiwaka, akakimbia mara mbili kuizunguka nyumba yake mwenyewe, na aliyeshika kamera hakutikisika. Ng'ombe walipigwa risasi zizini mmoja baada ya mwingine. Mtoni maiti zilikuwa zimekwama kwenye matete, zimevimba, na askari mmoja alizisukuma kwa mti ziendelee na safari. Mganda aliacha kula. Mimi niliendelea, kwa sababu jicho langu lilikuwa kwenye mikanda na kofia.

Ikaja barabara ya vumbi. Watu kama ishirini walikuwa wamekalishwa chini, mikono kichwani, na askari walipita baina yao wakipiga mateke mbavuni bila haraka. Walipompiga mtu mdomoni aliinama, akatema meno, akairudisha mikono kichwani mwenyewe. Askari mmoja alimvuta mtu wa tatu kwa kola akamsimamisha. Uso wake ulikuwa umepigwa mpaka macho yamefumba. Shati lake lilikuwa jeupe, la mikono mifupi, na mfuko ulikuwa kulia.

Nikabonyeza kitufe, picha ikasimama.

"Unauona mfuko ule?" nilimwambia mwenzangu, na nilikuwa nacheka. "Upande wa kulia! Na ule mshono wa wima pembeni, unauona? Hiyo kazi ya baba yangu. Dunia nzima hakuna fundi mwingine anayetia mfuko namna hiyo."

Nilijisifu. Niliinuka kabisa nikaenda kuweka kidole kwenye kioo, nikamweleza habari ya chaki, nikamwambia kazi ya mzee wangu imefika mpaka kwenye filamu za Wazungu. Kwa dakika nzima nilikuwa mtoto wa fundi anayesifu mshono. Nilikuwa nimeangalia shati, na ndani ya shati sikumwona mtu. Ni Mganda aliyesema taratibu, "Lakini kaka, wewe ulisema hiyo mfuko ilikuwa ya mashati yake yeye." Nami kidole kikiwa bado kwenye kioo nikaelewa nilichokuwa nimesema.

Hakuna aliyebonyeza kitufe. Mashine zile za kuchezea diski, ukiziacha zimesimama muda mrefu, zinaendelea zenyewe.

Askari aliingiza mkono katika mfuko ule akatoa daftari dogo. Alilifungua, akaligeuzia kamera. Namba tupu, mistari kwa mistari. Msimulizi alisema kwa Kiingereza kwamba raia wengi waliuawa kwa kudhaniwa wapelelezi. Namba zenyewe nilizisoma hata bila kusimamisha: kifua, kiuno, bega, urefu, kwa inchi. Ni vipimo vya watoto wa shule. "Hii nini?" askari alipiga kelele. "Hii siri ya nani? Sema!" Mtu yule alisema kitu lakini mdomo ulikuwa umevimba. Akapigwa kitako cha bunduki sikioni, akaanguka, akasimamishwa, akapigwa tena palepale. Sikio likafunguka. "Yeye anataka kucheza na sisi," alisema askari. "Maliza hii mtu." Mwingine akamsogelea kwa nyuma, na risasi ikampiga shingoni, na shati likawa jekundu kuanzia kola kwenda chini mpaka likaufikia mfuko. Alianguka kifudifudi. Walimvuta mguu mmoja kumwondoa barabarani, shati likapanda mpaka makwapani, na lori likapita.

Jeshi lile lilikuwa likisema Kiswahili. Hilo ndilo lililonitoa akili. Kiswahili cha Uganda, "hii mtu", "mimi hapana jua", sauti ileile iliyokuwa imeniomba nisogeze chumvi dakika kumi nyuma. Na sauti hiyo ikasema kando yangu, "Pole, kaka."

Nilimrukia. Nilimpiga ngumi ya mdomo, akaangukia sinia, wali ukatapakaa. Nikamkalia kifuani nikampiga tena, nikamkaba koo, nikamgonga kichwa kwenye mguu wa meza. Mkasi mkubwa ulikuwa mezani na mkono wangu uliutafuta. Nasema kweli, uliutafuta. Ulikamata kaki, nikaivuta, ikatuangukia wote wawili, na damu ya mdomo wake ikaingia kwenye kitambaa cha Mzungu. Hakunipiga hata mara moja. Alishika viganja vyangu tu, akasema kwa sauti iliyokabwa, "Mimi nilikuwa mtoto ya miaka tatu. Sikia. Miaka tatu. Hao walichukua ndugu ya mama yangu, waliweka yeye kwenye buti ya gari. Sisi pia hatujazika."

Nikamwachia. Nilikaa sakafuni kwenye wali, na nikamchukia bado kwa kuwa na maneno ya haki.

Aliinuka, akanawa, akaweka barafu kwenye kitambaa na kitambaa kwenye mdomo. Kisha akafanya kitu ambacho sijui kama mimi ningekifanya. Aliichukua rimoti, akarudisha filamu nyuma mpaka shati likiwa bado jeupe, akasimamisha.

"Pengine picha imegeuka," alisema. "Kumbuka koti ya ile bwana harusi."

Nilikumbuka. Mwaka uliopita tulinakili koti kutoka kwenye filamu, tukalishona lote, ndipo tukagundua picha ilikuwa imechapishwa kinyume, kulia kumekuwa kushoto, na bwana harusi akapewa koti linalofungwa kama la mwanamke. Namba za daftari zilisomeka sawa, lakini hiyo ilikuwa picha nyingine, ya karibu; ikiwa hii ya shati imegeuzwa, basi mfuko huo kwa kweli ulikuwa kushoto, mstari ule ulikuwa wa kalamu tu, na shati lilikuwa la mteja yeyote, na baba alikuwa hai mahali fulani. Sijawahi kuomba kitu kwa nguvu kama nilivyoomba picha ile iwe imegeuzwa.

Fundi haulizi mtu jambo hilo, anaangalia vifungo. Shati la mwanamume, upande wa kushoto hulalia ule wa kulia. La mwanamke ni kinyume. Tulisogea wote wawili mpaka tukaona nukta za rangi, vichwa vyetu vikigusana. Upande wa kushoto ulikuwa umelalia wa kulia. Picha ilikuwa sawa.

Nilimpigia mama kabla sijapoa, kwa kuwa nilijua nikipoa sitampigia. Salamu ndefu sikuweza. Nilimwambia nimeona filamu ya vita, picha za kweli, nimeona mtu mwenye shati la baba, mfuko kulia, na daftari la vipimo. Nikamwambia ameuawa. Jinsi alivyouawa sikumwambia.

Nilisikia kuku kwenye simu.

"Wangapi walivaa mashati yake?" aliuliza. "Alimpa mdogo wake moja. Alimpa yule kijana aliyemsaidia moja. Usinizikie mume kwa shati."

"Mama, daftari..."

"Hata kijana alikuwa na daftari. Nisikilize. Asubuhi ile kifungo chake cha pili kutoka juu kilikuwa kimekatika. Nilikata kimoja kwenye blauzi yangu, kikubwa kuliko tundu, nikamshonea akiwa amelivaa. Akalalamika hakipiti. Nikamwambia sukuma. Kalitazame shati lako, kisha unipigie." Akakata yeye.

Kwa hiyo nilimwona baba akiuawa tena. Wakati askari anamvuta kola, kidevu kilificha vifungo. Wakati anapigwa, mkono ulikuwa mbele. Kifua kilionekana kizima mara moja tu, baina ya risasi na kuanguka, alipojinyoosha. Mganda aliisogeza picha moja moja kwa kitufe. Moshi. Shingo inafunguka. Kichwa kinakwenda mbele. Damu iko angani, haijafika shati. Hapo. Tulihesabu kutoka juu. Kifungo cha kwanza kidogo, cha tatu kidogo, cha nne kidogo. Cha pili kilikuwa kikubwa, kimekaa upande, hakikupita sawasawa.

Nililia kwa sauti, kama mwanamke au kama mwanamume, sijali. Mganda alilia na mdomo wake uliopasuka, na sikumwuliza anamlilia nani.

Ndivyo Ammi alivyotukuta saa kumi alipokuja kufungua. Wali sakafuni, damu kwenye kaki, mtu amekufa katikati ya kioo na mtutu nyuma yake. Nilidhani atageuka atoke. Alivua viatu, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akaitazama picha ile mpaka mwisho wa subira yetu.

"Huyu nani wako?" akauliza.

"Baba yangu, Ammi."

"Mpigie mamako basi. Wangu mimi hakupigiwa simu na mtu." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake yote kuhusu Unguja kwa muda wote niliofanya kazi kwake.

Nilimwuliza habari ya eda kwanza, maana nilijua mama ataiuliza. Alisema kwa sheria siku huhesabiwa tangu mtu alipokufa. Zimeshapita zamani, khalas, hana linalomlazimu. Nikampigia mama. Nikamwambia kipo, kikubwa, kimekaa upande. Sikusikia kilio. Nikamweleza alivyosema Ammi.

"Mwambie mzee wako ahsante," alisema. "Kwa sheria zimepita. Mimi sijazikaa hata moja. Nishonee nguo nyeupe, mwanangu, zisizo na urembo, siku zangu nitazikaa zote."

Jumapili Mzungu alikuja. Ammi alimrudishia diski, na kaki mpya mita nne, akamwambia koti halipo kwa sababu fundi amefiwa. Mzungu alisikitika kwa dhati, akauliza amefiwa na nani, na lini. "Babake," alisema Ammi. "Ijumaa." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, nikaona sina tusi.

Jioni hiyo nilitandika pamba nyeupe juu ya meza, Mganda akainyoosha upande wa pili, ndipo nikagundua kuwa vipimo vya mama sina. Nilikuwa nimeondoka nyumbani akiwa mwanamke mnene. Nikampigia, nikamwambia atafute jirani mwenye utepe.

"Utepe upo," alisema. "Subiri."

Nilisikia akiweka simu juu ya kitu cha chuma. Nilijua ni nini. Ilichukua muda, fundo lilikuwa limekazwa na mafuta ya miaka yote hiyo, na nilimsikia akihema, kisha akitumia meno. Halafu alirudi akaanza kunitajia. Kifua thelathini na tatu. Kiuno ishirini na tisa. Bega kumi na nne. Niliandika kwenye daftari langu dogo, namba chini ya namba, na alipomaliza akaniambia nimsomee nilichoandika, ahakikishe sijakosea. Nikamsomea.